Kisima cha Mfano

Mkufunzi wetu wa tathmini ya miradi alituonyesha picha ya kisima ukutani. "Wakaguzi walikisifu kwa sababu maji yalitoka. Yalipopimwa baadaye, yakakutwa na sumu."

"Kikafungwa?" nikauliza.

"Mradi ulishakwisha, kijana. Nani angerudi?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Kilikuwa kisima cha kwetu. Pembeni ilionekana alama ya kiganja niliyoiacha kwenye saruji mbichi nikiwa mtoto.

Nikatoka nje, nikampigia shangazi aliyenilea.

"Leo umenikumbuka, msomi?"

"Shangazi, bado mnakunywa maji ya kisima?"

"Tunywe ya wapi tena? Figo ndizo zinanisumbua, ila usihofu. Nesi kaniambia ninywe maji kwa wingi, nami sifanyi mchezo. Hata sasa kikombe kiko mkononi."