Ukisimamisha, Unapanda

Kikundi cha maigizo cha vijana kilikuwa na kanuni moja: anayeona mtu anaonewa jukwaani apige kelele "Simama!", kisha apande mwenyewe, ashike nafasi ya mhusika yeyote amtakaye, aonyeshe angefanyaje. Ukisimamisha, unapanda. Hivyo ndivyo watu wanavyojifunza haki zao, alisema mwalimu wao, maskini, akiamini kila neno.

Siku hiyo Chiriku, msichana aliyepewa jina hilo kwa kutofunga mdomo, alicheza mume mkatili. Fimbo yake ilikuwa gazeti lililokunjwa. Mama yake mzazi alikaa mstari wa mbele, kajifunika mtandio mpaka kidevuni. Kwa nini kajifunika hivyo kwenye joto lile, ukumbi mzima ulijua, na ukumbi mzima ulinyamaza. Chiriku alikuwa amembembeleza sana aje. Alitaka kitu kimoja tu: mama aone kwamba kipigo husimamishwa.

Aliyesimamisha ni baba yake wa kambo, mwenye bucha pale mtaani.

"Simama!" Mwenye bucha huyo alipanda akicheka, akamsukuma pembeni aliyeigiza mke. "Ngoja niwaonyeshe mke mwenye adabu anavyokaa. Hapigwi ng'o!" Akapiga magoti. Alipoliona gazeti akacheka zaidi. "Na hiki nini, cha kufungia karanga? Shika kitu cha maana." Akavua mkanda wake, akampa.

Watu walivunjika mbavu. Chiriku hakucheka. Mkanda ule mgongo wake uliujua vizuri.

"Chakula kiko wapi?" akauliza, kwa ukali uleule wa nyumbani.

"Kiko tayari, bwana wangu," akajibu yule kwa kisauti chembamba.

"Unanijibu?"

Mkanda ukatua shingoni. Pigo la pili likampasua sikio. Alipotaka kuinuka, chuma cha mkanda kikamkuta mdomoni, akatema jino na damu. Kicheko kikakatika.

"Unaninunia? Nani kakufundisha kuninunia?"

"Simamisheni!" akalia mwenye bucha. "Jamani, ananiua!"

Mwalimu alibaki kaduwaa. Majirani nao hawakujitikisa. Walikuwa na uzoefu wa miaka wa kutosikia.

"Simama!"

Alikuwa mama. Alipanda taratibu, na Chiriku akawaza: sasa mama atapiga magoti pale, ampokelee mumewe viboko. Mwenye bucha naye alidhani hivyohivyo. Akafumba macho, akahema, "Ahsante, mke wangu."

Mama akamnyooshea bintiye mkono. "Lete."

"Mama, basi, yatosha."

"Wewe yamekutosha. Nenda kakae, mwanangu."

Akauzungushia mkanda kiganjani, akaacha chuma kining'inie. Mumewe akafumbua macho, akajikinga uso. Pigo la kwanza likamvunja vidole. La pili likapita palipokuwa na vidole. Mama hakuonekana kuchoka.

Chiriku alifungua mdomo apige kelele "Simama!" Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa nyumbani. Lakini kanuni ni kanuni, na kati ya wale wawili hapakuwa na hata mmoja ambaye Chiriku alitaka kushika nafasi yake.