Kitambaa Chini ya Kompyuta

Kila Jumapili baada ya kanisa nilimpigia mwanangu Mbugua simu ya video kwa kompyuta aliyoniachia alipokwenda Kanada, na kila Jumapili ilizima katikati ya mazungumzo. Ilianza kujikokota, picha ikaganda, kisha giza. Neno nililotaka kumwambia likawa linabaki kooni: arudi nyumbani, hata kwa Krismasi moja tu. Tangu baba yake afariki, ukimya wa nyumba hii ya Dundori umenishinda.

Fundi wa kwanza mjini Nakuru alisema ni Windows, akaweka mpya. Ikazima. Nikamrudia, akasema ni virusi, akaweka Windows nyingine. Ikazima. Nilimwambia kwamba ng'ombe wangu akikataa kutoa maziwa huwa namwita daktari, simbadilishii jina.

Nikaenda kwa mwingine, Kiprugut. Yeye aliuliza kwanza huwa naiweka wapi nikizungumza. Nikamweleza kwa fahari: kwenye kochi, juu ya kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu, kama redio, kama televisheni, kama kila kitu cha maana nyumbani kwangu. Kitambaa kingine naizungushia kwa nyuma isipigwe na baridi.

"Mathe, hii haina shida ya Windows," alisema. "Inakosa pumzi. Hizo vitambaa zinaziba matundu ya hewa, inachemka, halafu inajizima isiungue."

Kwa baridi ya Dundori, nani angedhani kitu kinaweza kufa kwa joto? Nilicheka hadi nikatoa machozi. Akapuliza vumbi kwenye feni, nami nikarudi nyumbani nikaiweka juu ya meza tupu.

Jumapili iliyofuata picha ilikuwa safi ajabu. Tuliongea habari za viazi, za mvua, za ndama aliyezaliwa. Kompyuta haikuzima. Nikasema moyoni, mficha uchi hazai.

"Mbugua, mwanangu, njoo nyumbani Krismasi hii. Niko peke yangu."

Nilimwona akitazama pembeni na kulamba midomo, kama alivyofanya utotoni akitafuta la kusema.

"Mum, sikusikii," alisema. "Network imeharibika huko kwenu. Nitakupigia."

Nilimsikia vizuri sana, hata gari lililopita nje ya dirisha lake nililisikia. Niliuona mkono wake ukija kuzima. Kompyuta yangu ikabaki inawaka, nzima kabisa, na sina tena fundi wa kumlaumu.