Bakuli Lisilo na Mlango

Mafuta hayana adabu. Ukiyamwaga hapa yanakwenda kule, na mvuke wake huuoni; unatambaa chini chini, unashuka mteremko, unatafuta jiko la mtu. Estelle aliwaambia hivyo vibarua wote waliofika kwenye kambi ya ujenzi wa daraja, ndani kabisa ya Walikale, mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya machimbo ya Omate, mahali ambapo gari la zimamoto halijawahi kuonekana na wala halitaonekana leo wala kesho. "Hapa pompie, muzimamoto, njo weye," aliwaambia. "Moto ikiwaka, utaizimisha na mikono yako ao utaikimbia na miguu yako."

Alikuwa mkuu wa depo ya mafuta, na hakuna aliyepata hata tone bila kupitia kwake. Esanse, yaani petroli, ya mashine ndogo ilikaa kivyake, mazutu, yaani dizeli, ya matingatinga kivyake, mapipa yamepangwa juu ya magogo chini ya paa la mabati. Simu ziliachwa kwenye kikapu langoni. Kabla ya kujaza mashine yoyote alihakikisha imezimwa, akabana waya kutoka kwenye pipa hadi kwenye mashine ili cheche isizaliwe, ndipo akashika pampu ya mkono. Mtu akimletea bidoni ya plastiki iliyowahi kubeba kasiksi, ile pombe ya ndizi, aliinusa akamrudishia mwenyewe. "Peleka kwenye arusi," alimwambia. Watu walicheka, lakini safari iliyofuata walileta madumu ya chuma.

Wapo waliosema ni mkali. Alikuwa mkali kweli, tena hakuona haya. Kanuni ya depo ilikuwa moja kwa wote: anayeichezea anatoka kambini siku hiyo hiyo. Patient, kijana hodari wa kufunga vyuma, alikutwa akivuta sigara nyuma ya mapipa, na jua halijazama alikuwa amepakiwa kwenye pikipiki ya kurudi kwao, machozi yanamtoka. Estelle hakulala vizuri siku ile, lakini hakumrudisha.

Mapipa yale yalizungukwa na ukuta wa udongo mzito, kimo cha goti, usio na mlango wala upenyo. Kazi yake ni moja tu: pipa likipasuka, kilichomo kibaki humo humo. Kambi nzima iliuita bakuli. Na bakuli lile lilikuwa limejengwa na Papa Karangwa, baba mzazi wa Estelle.

Papa Karangwa alikuwa mkulima wa milima ya Masisi, mtu wa maharage na mihogo. Huko kwao shamba limeinama hivi kwamba ukiangusha kiazi unakwenda kukiokota kwa jirani, na yeye alisifika kwa kuchimba mitaro inayozuia mvua isibebe udongo. Vita vilipomtoa shambani, alihamia Lushebere kwa ndugu, akakaa barazani kama mgeni, mikono magotini, anangoja chakula cha watu. Mzee aliyekuwa akiamuru kilima kizima akawa anaomba ruhusa ya kukoka moto. Alipopata kazi ya udongo pale darajani, mgongo wake ulinyooka tena. Estelle aliliona hilo kwa macho yake, na lilimfurahisha kuliko cheo chake mwenyewe. Baba yake alikuwa amerudi kuwa mtu.

Sasa, mvua ya Walikale haina likizo. Inakuja imelala ubavu, inapita chini ya mabati, inajaa bakulini. Kila asubuhi Estelle alikagua kama kuna utando wa mafuta juu ya maji, kisha vibarua wakayachota kwa ndoo na kuyapeleka kwenye shimo la mbali. Papa Karangwa aliwatazama wakichota, na moyo ukamuuma. Kwa mkulima wa Masisi, maji yaliyosimama nyuma ya ukuta ni aibu. Ni dalili ya mwenye shamba mvivu, na ni ukuta utakaopasuka siku moja na kuzoa maharage yako yote. Kwao mtoto hufundishwa kuyapa maji njia kabla ya kufundishwa kupanda.

Kwa hiyo asubuhi moja, Estelle alipomaliza ukaguzi na kuteremka mtoni kulijaza tingatinga, mzee alichukua jembe lake. Kwenye kona ya chini ya bakuli alikata mdomo wa upana wa kiganja, akautandika mawe madogo, akaufunika majani vizuri kama afanyavyo kwake. Maji yakatoka yote. Ilikuwa kazi safi, na hakumwambia mtu. Nani hutangaza kwamba amefuta pua? Alidhani amemsaidia mwanawe. Mazoea yana tabu.

Estelle aliporudi alikuta bakuli kavu. Akadhani vibarua wamewahi kuchota, akafurahi, akaendelea na mambo yake. Mara honi ikalia barabarani.

Lilikuwa lori la dereva Ngabo, limepakwa tope hadi madirishani, limebeba mapipa ya esanse yaliyosubiriwa sana. Ngabo alilirudisha nyuma mpaka likagusana na bakuli, akazima injini. Mbao mbili ziliwekwa, kamba zikafungwa, na vibarua wakaanza kuteremsha mapipa polepole kama Estelle alivyotaka. La kwanza likashuka salama. La pili likashuka salama. La tatu kamba ikateleza kwa matope, pipa likaruka juu ya mbao, likajipiga kwenye ncha ya gogo na mshono wake ukaachia. Esanse ikamwagika kwa sauti kama ya mtungi uliopasuka.

Watu wakapiga kelele. Estelle hakupiga. "Mutoke nje, mupande juu!" akaamuru. "Muiache. Bakuli itaishika." Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayejua kilichojengwa pale, na kwa kweli lile ndilo bakuli lilijengewa. Alisimama upande wa juu, upepo ukimpiga mgongoni, akitazama esanse ikijaa na kutulia.

Lakini haikujaa. Ilipanda kidogo, kisha ikaanza kushuka.

Macho yake yakaifuata hadi kwenye kona ya chini, na pale akaona majani yanatikisika. Esanse ilikuwa inatoka. Ilikuwa imeshika kijia cha maji ya mvua, na kijia kile kilikwenda moja kwa moja hadi jikoni, ambako Mama Emérence, mpishi wa kambi, alikuwa akisonga fufu juu ya mafiga, mtoto wake mgongoni, wanawake wengine wawili wakitwanga sombe, majani ya mihogo, pembeni.

Ngabo alikuwa amekwisha kuruka kwenye kiti chake. Alitaka kuliokoa lori lake.

"Ngabo! Usiguse ufunguo!" Estelle alipaza sauti mpaka ikamkwaruza koo. "Ukiwasha motere, tutakufa yote! Shuka!"

Ngabo akashuka mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

Estelle alikuwa tayari anakimbia kuteremka, pembeni ya kijia. "Mama Emérence! Ile ndoo ya mchanga! Funika moto! Hapana maji, mchanga!" Ndoo ile ilikuwa imekaa jikoni tangu kambi ianze, na Mama Emérence alikuwa ameilalamikia kila wiki kwamba inamziba njia. Safari hii hakulalamika. Aliimwaga yote juu ya mafiga, sufuria na fufu pamoja, akaongeza udongo kwa mikono mpaka hakuna hata moshi uliobaki. Kisha akawashika wanawake wenzake, wakapanda kilima mbio.

Vibarua wawili wakaja na koleo. "Hapana koleo!" Estelle akawazuia. "Chuma ikigonga jiwe itatoa moto. Mikono!" Wakapiga magoti, wakaanza kurundika udongo kwenye kijia, lakini esanse iliupita kila walipourundika, maana hawakujua kuushindilia. Ndipo Papa Karangwa akafika. Alichota udongo mzito kutoka ukingoni, akaukanda, akaulaza, akaukandamiza kwa kiganja na kiwiko, tabaka juu ya tabaka, na katika muda wa mtu kusema sala fupi kijia kikazibwa. Esanse ikafika pale, ikasimama. Kutoka hapo hadi kwenye mafiga, mtoto angeweza kuruka.

Estelle aliwapandisha wote juu, akafunga eneo, akakataza injini yoyote mpaka mvuke uishe. Jua lilipokuwa limeinama ndipo walipoifunika esanse iliyobaki kwa mchanga, na lori likasukumwa kwa mikono. Hapo akawakusanya wote mbele ya depo, pamoja na Injenieri Floribert, mkuu wa kambi.

"Ni nani alifungua ukuta?" aliuliza.

"Njo miye," akajibu Papa Karangwa. Alijibu bila haya, kama mtu anayeulizwa nani kapalilia. "Maji ilikuwa inasimama, mama. Niliipatia njia."

"Papa, ile ukuta haina njia. Njo kazi yake, kukosa njia."

Mzee akageuka, akaitazama kona ya bakuli, akafuata kijia kwa macho, polepole, hadi kwenye jiko lililozikwa mchangani. Akamwona Mama Emérence na mtoto wake mgongoni. Akakaa chini pale pale alipokuwa.

Injenieri Floribert alikohoa. "Tumusamehe muzee," alisema. "Hakujua. Na yeye tena njo ameziba. Estelle, huyu ni papa yako."

Wengi waliitikia. Damu nzito kuliko maji, walinong'ona. Lakini wapo waliomtazama Estelle bila kuitikia, wakingoja, na hao ndio waliokuwa wamemwona Patient akipakiwa kwenye pikipiki.

Estelle alimpenda baba yake, na ni vizuri hilo lisemwe wazi. Alijua anamrudisha wapi: barazani, mikono magotini. Alijua pia kwamba akimwacha, kesho depo itakuwa na kanuni mbili, moja ya watoto wa watu na nyingine ya jamaa wa Estelle, na mtu wa tatu atakayeichezea depo atakuwa na jibu mdomoni. Sheria ni msumeno, na msumeno ukikataa kurudi nyuma haujakata kitu.

"Miye sikukagua tena bakuli mbele ya lori kufika," alisema. "Ile kosa ni yangu. Injenieri, uipeleke kwa wakubwa na jina yangu." Akamgeukia baba yake. "Lakini mwenye kufungua ukuta anatoka. Papa, unatoka leo."

Alimwambia hivyo akimtazama usoni.

"Yebaba we! Mutoto anafukuza muzazi!" alilia Mama Emérence, yule yule aliyenusurika kuungua, mikono kichwani. Wengine wakatikisa vichwa, wakatema mate chini. Papa Karangwa aliinuka, akaenda kwenye kona ya bakuli, akaziba ule mdomo aliouchimba, akaukanyaga mpaka ukalingana na ukuta. Kisha akavaa koti lake, akapanda pikipiki, akaondoka bila kumuaga binti yake wala kumtazama.

Estelle alifanya kazi hadi daraja likakamilika, na hakukuwa na tone lililopotea tena. Usiku hakuwaza mafuta. Aliwaza laana. Mzee wa Masisi hana haja ya kupiga kelele ili alaani. Akinyamaza vile, watu wanajua.

Kazi ilipokwisha hakuwa na pa kukimbilia isipokuwa nyumbani. Alifika Lushebere Jumapili, ibada imekwisha kuanza, na hakuthubutu kwenda nyumbani kumngoja baba yake. Aliingia kanisani akiwa na vumbi la safari, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Ulikuwa wakati wa ushuhuda. Mama mmoja akashukuru kwa mjukuu, mwingine kwa kupona malaria. Kisha Estelle akasikia kikohozi anachokijua, na Papa Karangwa akasimama kule mbele.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Bwana asifiwe!"

"Mulisikia kama mutoto wangu alinifukuza kazi. Munasemaka ile kwa njia, munafikiri sisikie."

Estelle akainamisha kichwa, akaangalia miguu yake.

"Basi ni kweli," mzee akaendelea. "Mbele ya bantu yote. Nilikasirika sana. Kwa pikipiki nilikuwa natafuta laana ya kumupatia. Nilitafuta mpaka tulifika Nyabiondo, sikuipata."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kwa nini sikuipata? Kwa sababu nilifungua ukuta, na bamama batatu na mutoto bangeungua. Kama angenisamehe, miye ningeshukuru, na kesho mwingine angeifungua tena. Mutoto wangu angemwambia ule nini? Kinywa yake ingekuwa imefungwa na papa yake. Miye njo nilimufundisha yule mutoto, kwa zizi ya mbuzi, kwamba ukuta ikiwa na tobo haiko tena ukuta. Alinisikia. Njo miye nilisahau." Akafuta uso kwa kofia yake. "Leo ninaleta shukrani. Na ninauliza: humu ndani, ni nani ana mutoto mwenye anaweza kumufukuza mbele ya bantu, kwa haki, bila kuogopa? Asimame tumuone."

Wazee wakatazamana. Benchi moja likalia, lakini ni mtu aliyekuwa akikaa vizuri.

"Hakuna?" akauliza Papa Karangwa. "Basi mutaimba na miye." Na akaanzisha wimbo mwenyewe, kwa sauti ile ya kilimani ya kumwita mtu aliye bonde la pili, na kule nyuma kabisa Estelle alishindwa kuitikia, kwa sababu alikuwa analia.