Kadi Isiyokanyaga Tope

Kama Philomena angepanda basi, hadithi hii isingekuwepo, naye angebaki na heshima yake nzima. Basi la kwenda Kasulu lilipita karibu na kwake kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Hamis, mkata tiketi wa pale Kibondo, alikuwa ameshamwekea siti nyuma ya dereva, mahali ambapo mashimo hayamrushi mtu sana, wala hakumwomba hata shukrani. Lakini Ijumaa moja ya Novemba, mwaka 2014, mwanawe William aliingia uani na gari jeupe la kukodi, na akili ya mama ikapanda humo kabla ya miguu.

"Hamis, mwanangu, siti yangu mpe mwingine," alisema kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyenunua basi zima.

Na safari yenyewe haikuwa ya kuchezea. Mjukuu wake Herieth alikuwa anahitimu uuguzi kule Kasulu kesho yake. Mama yake Herieth alifariki mtoto akiwa hajaota meno, na Philomena ndiye aliyemlea. Kwenye mahafali, jina likiitwa, mzazi huinuka, hucheza mpaka mbele, akamvika mwanawe shada la karatasi za kung'aa. "Bibi, usichelewe," Herieth alikuwa amemwambia. "Mimi sina mwingine wa kuinuka."

Philomena alicheka. Achelewe yeye, anayefika kanisani kabla ya padri?

William alifanya kazi Dar es Salaam. Alikuja kwa ndege hadi Kigoma, akakodi gari pale mjini, akaliendesha mwenyewe mpaka nyumbani. Jioni ile alimwonyesha mama yake kadi ya benki, ya rangi ya dhahabu, ambayo unanunua leo na kulipa baadaye.

"Hii, Mama, ukisafiri nayo, uwanja wa ndege wanakukalisha kwenye viti laini na soda ni bure. Na ukikodi gari, bima ni juu ya benki. Mwenye gari alitaka nilipie bima yake, nikamwambia akae nayo."

"Likigongwa?"

"Benki."

"Likitumbukia mtoni?"

"Benki, Mama."

Philomena aliigeuza kadi ile mbele na nyuma. Akaona benki hiyo ina upendo kuliko wakwe wengi.

Angeishia hapo, angefika. Lakini asubuhi aliwaita majirani wanywe chai na mihogo ya kuchemsha, kisha akamkabidhi William kile kijitabu kilichokuja na kadi.

"Wasomee."

"Mama, ni cha Kiingereza."

"Si ndicho nilichokusomesha? Watafsirie, taratibu, kama waraka wa askofu."

William akasoma. Majirani wakaguna kwa heshima kwenye viti laini, wakaguna zaidi kwenye soda. Kwenye ukurasa wa tano sauti yake ikapungua. "Benki italipia uharibifu wote wa gari la kukodi, isipokuwa..."

"Isipokuwa nini?" aliuliza mzee Bazilio, katekista mstaafu, aliyekuwa amepewa nafasi garini akamwone ndugu yake Kasulu.

"Isipokuwa likiendeshwa kwenye barabara isiyo na lami."

Wote wakageuka kutazama barabara. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Kati ya Kibondo na Kasulu, siku hizo, lami ilikuwa kitu cha kusikia redioni.

"Sasa jana ulipitaje?" Bazilio aliuliza.

"Jana sikujua."

"Basi, mwanangu, rudi kwenye kutojua kwako, twende."

Lakini kujua hakurudi nyuma. Mtu aliyeingia uani jana akipiga honi alitoka leo kama aliyejitwika mayai kichwani. Hata hivyo Philomena hakusahau kuomba wapitie sokoni. Walipita mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza muuza dagaa alikuwa ameinama.

Safari ikaanza saa mbili. Kwenye kila shimo William alisimama, akashuka, akalipima kwa fimbo, akawaomba abiria nao washuke ili gari liwe jepesi. Baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi iliwapita, mwenyewe akiisukuma kwa mkono. Kisha akatokea mwanamke mwenye jembe begani. Akawaamkia, wakaitikia. Salamu za Waha, wenyeji wa huko, zinajulikana, hazina haraka. Zikamalizika zote, kuanzia watoto, wagonjwa mpaka mihogo shambani, gari likiwa kwenye mwendo na mwanamke yule yuko sambamba na dirisha. Mwishoni akawaaga, akawaacha nyuma.

"William, ongeza kidogo," alisema Philomena saa yake ilipofika tano.

"Mama, likivunjika hili ni langu peke yangu. Umesikia nilivyosoma."

Kusikia, alikuwa amesikia. Ndiyo sababu hakuweza kumgombeza. Nani alimwambia asome? Yeye. Nani alikusanya mashahidi na kuwapikia mihogo? Yeye huyohuyo. Alijaribu kumpigia Herieth, simu ikawa imezimwa, maana wahitimu walishaingia ukumbini. Shada lilikuwa limelala magotini pake, linang'aa bure.

Saa sita walikuwa Busunzu, hata nusu ya njia bado, na nyuma yao Fuso lilikuwa likipiga honi kama linalilia mali yake. Philomena akafungua mlango.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kasulu. Wewe na kadi yako mtanikuta."

"Mama William," alisema Bazilio bila kuinuka, "mimi nabaki. Ndugu yangu haitwi jina leo."

Dereva wa Fuso aliitwa Hilali, mfanyabiashara wa Kasulu, na mzigo wake ulikuwa magunia ya unga wa muhogo. Aliposikia habari ya mahafali hakuuliza la pili. Alitazama miguu ya Philomena, akatazama ngazi ya gari ilivyo juu, akashusha gunia moja, akaliweka chini awe na pa kukanyagia. Philomena alipokwisha kupanda, Hilali akalipandisha tena kwa mgongo wake mwenyewe.

"Humu hakuna kiyoyozi, Mama mkubwa," alisema akiwasha moto. "Ila mwendo upo."

Mwendo ulikuwepo. Unga ulipenya kutoka nyuma ukamjaa kwenye nyusi. Shada lilikatika mara mbili. Njia nzima Philomena alipanga maneno ya kujitetea, akiweka mvua mbele, tope katikati na benki mwisho.

Walifika saa tisa kasoro. Hilali alikataa nauli, akasema ampelekee binti pongezi. Uwanjani watu walikuwa wanakula pilau. Majina yalikuwa yamekwisha.

Herieth alisimama kando ya ukumbi na sare yake nyeupe, na shingoni alikuwa na shada jekundu. Karibu naye mwanamke mnene wa baibui alimshikia mkoba.

"Bibi," alisema Herieth. Hakukimbia kuja. "Nilitazama mlango mpaka mwenzangu akanisukuma niende."

Maneno yote aliyopanga ndani ya Fuso yakampotea Philomena.

"Mjukuu wangu, basi lilikuwepo. Siti ilikuwepo. Nilitaka watu wa sokoni wanione kwenye gari."

Herieth akamtazama bibi yake alivyokuwa mweupe kwa unga kuanzia kilemba hadi kidevu.

"Wakakuona?"

"Mara mbili."

Kicheko kilimponyoka Herieth na machozi yakatoka nacho. Akamshika bibi yake mikono, unga ukahamia kwenye sare.

"Huyu ni Bi Asmahani," alisema alipoweza kusema. "Binti yake tumesoma pamoja."

"Nilimwona mtoto anakwenda peke yake," alisema Asmahani, "nikasema, haiwezekani. Shada la wangu lilikuwa la mikufu miwili, nikakata mmoja nikamvika huyu. Mvue, dada yangu, umvike mwenyewe. Mimi nilikushikia zamu tu."

Philomena alinyoosha mkono mpaka karibu na shada lile, akaurudisha.

"Hapana. Hili ni lako, wewe uliyekuwepo." Akapiga goti, akapiga makofi ya taratibu kama wanavyoshukuru kwao. Asmahani, mzaliwa wa Pangani, hakujua ajibu nini, basi naye akapiga goti, wakawa wawili chini na pilau linapoa. Herieth akawainua.

"Ila nisimulie," alisema Philomena walipoketi kwenye benchi. "Usiruke kitu. Walimwitaje, na wewe uliinukaje?"

Asmahani akaweka sahani pembeni, akasimama na kujifunga khanga kiunoni. "Walisema hivi, Herieth. Kimya. Basi mimi nikatoka hivi, bega hili kwanza..."

"Si hilo, Mama," alisema Herieth. "Ulianza na la kulia."

"La kulia, kweli. Tazama, dada."

Philomena akatazama.