Bendera Ndani ya Kioo

Kabla hakujapambazuka mama alisikia tik, tik, tik kutoka jikoni, akajua binti yake ameamka na anazungusha skrubu. Alijitupia shuka begani, akaenda kubandika maji ya chai.

Binti alikuwa fundi wa silaha wa walinzi wa hifadhi. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake pamoja na meza, bisibisi tatu na tabia ya kuuma ulimi anapohesabu. Bunduki zilibaki ghalani. Nyumbani alileta vioo tu. Vilikuwa vioo vya kulengea vya hologramu, vidogo vya kuenea kiganjani. Ukichungulia unaona duara jekundu lenye nukta katikati, linaelea mbele yako kama limetundikwa hewani. Skrubu moja hupandisha na kushusha nukta, nyingine huipeleka kushoto na kulia. Tik moja huisogeza nukta upana wa ukucha kwa umbali wa hatua mia.

Kwa kawaida kioo hurekebishwa uwanjani. Unapiga risasi tatu, unatazama matundu kwenye karatasi, unasogeza nukta, unapiga tena. Lakini tangu baba alipokufa, miaka mitatu sasa, hilo halikuhitajika. Alfajiri ukiwasha kioo unamkuta amesimama nyuma ya duara, hatua mia, na ovaroli yake ya kijivu na kalamu sikioni, akionyesha kwa mkono nukta isogezwe wapi.

"Anasemaje?" binti aliuliza.

Mama alifumba jicho moja. "Kushoto mbili. Juu moja. Na leo amenyoa."

"Kushoto kwake au kwetu?"

"Kwetu. Anajua mimi huchanganya."

"Amenyoa vizuri?"

"Kidevuni ameruka, kama kawaida yake."

Tik, tik. Tik. Binti alikifunga kioo ndani ya kipande cha nguo yake ya utotoni, kwa sababu baba alisema hakuna kitambaa laini kuliko kile, akachukua kingine.

Alipokuwa hai, mzee yule hakuweza kukaa karibu na kitu kilichopinda. Alinyoosha saa ya ukutani, miguu ya viti, picha ya arusi yao. Alimfundisha binti kuhesabu kwa tik badala ya vidole, mpaka shuleni wenzake wakamcheka. Mkewe alimwita Nusu Tik. Mwenyewe alisema katika maisha yao yote hajawahi kumkosea mkewe zaidi ya nusu tik, na mama alikuwa akijibu, "Subiri tu," huku akimwongezea chai.

Sasa, ndani ya kioo, mkono mmoja wa baba ulionyesha tik. Mwingine ulishika bendera nyekundu, juu.

Pale uwanjani bendera ikiwa juu ya mlingoti, maana yake kuna mtu mbele, hakuna kupiga. Kamba ya mlingoti ilikatika. Baba alitoa taarifa mara mbili, akaambiwa avumilie. Basi akawa anakwenda kubadilisha karatasi na bendera mkononi. Siku aliyokufa, Mkuu wa ghala alitoa amri ya kupiga bila kuinua macho kutoka kwenye saa yake. Ripoti ikaandikwa kwamba marehemu alivuka mstari bila bendera. Ndiyo sababu jina lake halimo kwenye ubao wa waliofia kazini, mlangoni mwa karakana. Mama alitaka jina hilo tu. Nafasi yake alikwisha kuipima kwa macho, chini ya jina la mwisho, la dereva mmoja.

Askari aliyepiga risasi ile huja kila Jumamosi kuwachotea maji. Hakuna aliyemwomba.

Mkuu alifika kuchukua vioo kabla ya doria kuondoka, suruali imelowa umande. Mama akampa kikombe kikubwa.

"Mama, vioo vya nyumba hii havikosei," alisema. "Mwaka mzima hatujapoteza risasi uwanjani kuvirekebisha."

"Hebu chungulia, mwanangu."

Mkuu alivua kofia, akachungulia. "Ndiye yeye. Amekonda kidogo."

"Ameshika nini?"

Mkuu alipunguza mwanga wa duara, akauongeza tena. "Bendera."

"Iko juu au chini?"

Alitazama muda mrefu. Chai ikaacha kutoa mvuke.

"Iko juu, mama."

"Basi andika."

Alitoa kalamu, akavuta fomu, akaandika kwa mwandiko mzuri: *Kioo kimekaguliwa. Kiko sawa.*

"Na ile ripoti?" binti aliuliza.

"Ile ilishafungwa, Fundi. Faili likifungwa limefungwa."

Alimaliza chai yake yote, akaosha kikombe mwenyewe, akakifunika pembeni ya sinia. Mlangoni aligeuka. "Jumatatu naleta vingine kumi na viwili."

Binti alikusanya bisibisi. Kilibaki kioo kimoja, na dirishani mwanga ulikuwa unaanza kuingia. Mama alikishika kwa mikono miwili. Baba alikuwa palepale, bendera bado juu, na kitambaa chake kilikuwa kimeshika vumbi la miaka mitatu.

"Ishushe upumzike," mama alimwambia. "Hapa hakuna anayepiga."

Hakuishusha.

"Haya. Kesho uje tena, Baba Fundi. Na hiyo bendera uje nayo, nikufulie."