Kitambaa Chekundu cha Mguuni

Jumatatu, siku tisa kabla ya Krismasi, mpishi alikuwa ameinamia friza la supamaketi, mkono umezama hadi kiwiko, anageuza kuku mmoja mmoja kama mtu anayetafuta soksi ya pili. Kuku wa nchi ile walikuwa sare: weupe, hawana kichwa, hawana miguu, hawana habari. Wa chini kabisa alikuwa na miguu. Wa kushoto ulifungwa kitambaa chekundu, mafundo mawili.

Alimjua. Kwao kuku huingia ua wa watu bila haya, kwa hiyo mama yake huwafunga wake kitambaa chekundu, jirani huwafunga wake cha buluu, na amani inakuwepo kiasi. Alimtia jogoo kikapuni, akalipa, akapiga simu nyumbani.

“Mama, yule jogoo yupo?”

“Tumemtafuta tangu alfajiri. Nimeshamtukana jirani mpaka sauti imekauka.”

“Yuko huku. Nimemnunua.”

“Amenona?”

“Ameganda.”

“Haya. Ngoja nikamwombe jirani radhi. Ingawa matusi mengine yalikuwa yake kabisa.”

Mpishi alikuwa na sababu ya kumhangaikia kuku. Alikwenda nchi ile kwa mkataba wa miaka miwili, na sasa alikuwa kwenye mwaka wa sita. Pasipoti yake ilikaa kwenye droo ya kabati la vyombo, na ufunguo wa droo ulikaa kwenye mkufu shingoni mwa Madamu, mwenye nyumba. Binti yake alimwacha wa miaka mitano, hajang'oka hata jino. Sasa alikuwa na kumi na moja, na meno mapya yote mpishi aliyaonea kwenye simu.

Mwanzo wa mwezi Madamu alisema, “Krismasi hii nipikie chakula cha kwenu, kama anavyopika mama yako. Wageni wangu wakiridhika, nakupa pasipoti uende zako.”

Basi akatafuta. Mchele wa pale ulikuwa msafi mno, na ukiiva unanukia karatasi. Jumanne, chini kabisa ya rafu, akakuta mfuko wa mchele wenye vijiwe vyekundu, na ndani yake kifungo cha sare ya shule. Nyumbani siku hiyo debe la mchele lilikutwa tupu.

“Kifungo changu kimo?” binti aliuliza kwenye simu.

“Kimo.”

“Usikitupe, mama. Mwalimu amenisema mbele ya watu.”

Jumatano akapata binzari, ndani ya kopo la maziwa ambayo binti aliyanywa akiwa mchanga, mfuniko umezibwa kwa nta ya mshumaa. Alhamisi akapata sufuria lao lililobonyea upande mmoja. Ijumaa aliyakuta mafiga matatu upande wa mapambo, yana masizi bado, yamefungwa utepe wa dhahabu. Nyumbani walianza kupika kwa jirani. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa jirani.

“Sasa unapungukiwa nini?” mama aliuliza.

“Mkono wako. Nimejaribu mara mbili, chumvi inanikatalia.”

“Mkono hauji peke yake,” mama alisema.

Siku mbili kabla ya Krismasi mpishi alimkuta mama yake amesimama kwenye rafu, katikati ya unga na sukari, miwani usoni, mikono imenyooka.

“Umechelewa,” mama alisema. “Niko hapa tangu wafungue. Kuna mmama amenibonyezabonyeza akanirudisha.”

“Mtoto umemwacha na nani?”

“Na jirani. Yule wa buluu.”

Pale pa kulipia, mshika mashine alimgeuza mama akitafuta karatasi ya bei. Hakuiona mbele, hakuiona nyuma.

“Huyu hana bei,” alisema.

“Najua,” mpishi alisema.

“Basi mpitishe. Foleni ndefu.”

Madamu aliuliza mgeni ni nani, akaambiwa amekuja kuonja chumvi. Aliuliza analala wapi, akaambiwa palepale kwenye chumba cha mashine ya kufulia, kitanda kimoja, mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Akafungua droo na kunyoosha mkono apewe pasipoti. Mama hakuwa nayo. Madamu alisimama kidogo na droo yake wazi, kisha akamvua mama miwani, akaiweka ndani, akafunga.

“Sasa mawe kwenye mchele nitayaonaje?” mama aliuliza.

Aliyachambua kwa vidole. Ilichukua siku nzima.

Siku ya Krismasi wageni walikula kimya. Mmoja alitoa machozi akasingizia pilipili, na pilipili haikuwemo. Sufuria lilirudi jikoni limekwanguliwa likang'aa. Mpishi na mama yake walikula ukoko waliouficha mapema, wamesimama.

Kesho yake mpishi alimfuata Madamu. “Wameridhika?”

“Wameridhika kupita kiasi. Sasa mtu mwenye akili zake amwache mpishi kama wewe aondoke?”

“Na wasingeridhika?”

“Ungekuwa hujatimiza sharti.”

Mpishi aliyazunguka maneno hayo kama nyumba isiyo na mlango. Madamu alimpa orodha. Mwaka mpya wageni wanarudi. Wanataka kilekile, ila kizidi.

Jioni walimpigia binti kwenye simu ya yule jirani wa nyumbani.

“Nyumbani kumebaki nini?” mama aliuliza.

“Mlango, Bibi. Na mimi.”

Mama na mpishi hawakutazamana. Mashine ya kufulia ilikuwa inazungusha shuka za wageni.

“Miguu yangu ina baridi tangu asubuhi,” binti aliendelea. “Inatoa moshi mweupe. Jirani anasema nisikae karibu na jiko lake, nalizimisha.”

“Mwanangu,” mpishi alisema, “huku mtu akiingia hatoki. Umesikia?”

“Nimesikia. Mnalala wapi?”

“Kitanda kimoja. Bibi yako anapiga mateke.”

“Mimi mwembamba.”

“Tena droo ya Madamu bado ina nafasi,” mama alisema, akijisemea. “Ni ndefu ile.”

Mpishi alikaa kitandani. Alifikiria ajipitishe tu kwenye duka lile macho amefumba, anunue mboga, atoke. Kisha akafikiria mtu mwingine akiinamia friza, akibonyezabonyeza, akichagua.

“Bibi,” binti aliita, “si ulisema umenyang'anywa miwani? Utanijuaje?”

“Naona rangi tu, mjukuu wangu. Sura sizioni.”

“Nilijua. Ndiyo maana nimejifunga kitambaa chekundu mguuni. Wa kushoto, mafundo mawili. Msije mkanipita.”

Asubuhi walikuwa wa kwanza mlangoni mwa supamaketi. Mama alishika kikapu. Mpishi alishika sweta la sufu na soksi, na kwenye mfuko wa sweta alikuwa ametia kifungo. Orodha ya Madamu hawakuifungua. Mlango ulipofunguliwa, walianza na friza.