Mioyo Aliyotuchagulia Mjomba

Kazi yangu ni kuchana kilichoshonwa na wengine. Dokta Ntare, mpasuaji wa moyo, anashona vali ya moyo wa ng'ombe juu ya meza yangu. Mimi naifunga kwenye mashine, na mashine inavuta taratibu mpaka kitu kimoja kishindwe: uzi, fundo au nyama. Maabara yetu iko juu ya duka la vigae karibu na njiapanda ya Sonatubes. Napanda ngazi na ndoo ya mioyo mchana kweupe, na anayetaka kuziba pua na azibe.

Vali ni kilango kinachozuia damu isirudi nyuma. Cha mdogo wangu Uwineza hakifungi. Kililiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, sisi tukidhani ni koo tu. Dokta alimweleza njia mbili: kushonewa vali yake mwenyewe, au kuwekewa ya chuma. Ya chuma inataka dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yote, na kwa dawa hiyo, alisema, mimba ni hatari kwa mama na kwa mtoto. Uwineza hakusikia lolote baada ya hapo. Ameolewa na Sibomana, fundi cherehani wa Nyakabanda, na hamu yao ya mtoto inaonekana hata wakinyamaza. Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta mshono.

Tukaupata. Mshono wa Dokta, wenye kiraka kidogo cha kitambaa chini ya kila fundo, ulishika kila tulipouvuta. Uzi ulikatika nyama ikiwa nzima. Nilipompa Uwineza habari alicheka, akalia, kisha akaanza kumtania mjomba wetu juu ya mbuzi wa akika ya mtoto atakayezaliwa. Siku ya upasuaji ikapangwa.

Mioyo yote ilitoka kwa huyo mjomba, Usumani, mwenye bucha Nyakabanda. Dokta alikuwa amesisitiza: leta ya kila aina, hasa ya ng'ombe wazee na waliougua, maana vali ya Uwineza ina makovu na imekakamaa. Nilimfikishia mjomba maneno hayo kama yalivyo. Aliitikia "yego, yego" mpaka nikaridhika.

Juma la upasuaji nikamkuta anatupa moyo kwenye ndoo ya mbwa.

"Huo nipe, mjomba."

"Oya, wacha. Hiyo iko ya ng'ombe muzee. Iko nguvu kama kiatu."

"Si ndiyo niliyokuomba?"

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. "Mukashema, mimi nipeleke moyo mubaya kwa badogiteri? Na iko kazi ya mutoto wetu? Tangu siku ya kwanza nakuchagulia ya madume vijana. Batu ya hoteli banaitaka, nabakatalia."

Alikuwa anajivuna, maskini. Kwetu mgeni hapewi mfupa, na mkubwa hapelekewi kibovu. Nimelelewa nyumba ileile, nikala sahani ileile, na bado sikuwaza kwamba mjomba atatuandalia mioyo kama anavyowaandalia wageni pilau. Tulikuwa tumepima mshono wa mgonjwa kwa nyama ya wazima.

Nikauchukua ule moyo kutoka ndoo ya mbwa. Nilishona mwenyewe, maana mkono wa Dokta nimeutazama vya kutosha, nikafunga, nikavuta. Nyama ilikuwa imekakamaa lakini haishiki: uzi ulipita ndani yake kama waya ndani ya sabuni. Nguvu ya pigo la kawaida la moyo ilikuwa haijafikiwa. Nikalaumu vidole vyangu. Nikashona upande wa pili kwa utulivu wote nilionao, nao ukachanika vilevile.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Nilimchukia mjomba, nikamchukia Mungu kidogo, nikajichukia mimi zaidi. Hakuna mwingine aliyejua. Ningeweza kusema mshono ule ni wa mtu asiye mpasuaji, hauhesabiki. Nikampigia Dokta.

Alikuja, akashona sehemu iliyobaki kwa mkono wake. Ikachanika. Akavua glavu bila haraka.

"Nikijaribu huu mshono kwanza, ukachanika akiwa amefunguliwa kifua, huenda nisimtoe mezani akiwa hai," alisema. "Tunaweka ya chuma. Leo nitabadilisha mpango."

Uwineza alikuwa ameshalazwa hospitalini. Sibomana alikuwa nje kwenye benchi, akizungumza na jamaa. Nilikaa kando ya kitanda nikamweleza mdogo wangu yote: mjomba, madume vijana, moyo wa ng'ombe mzee, uzi. Nilitegemea kilio, na nilikuwa nimejiandaa kwa kilio.

"Dokta iko najua?" akauliza.

"Anajua. Ameshabadilisha mpango."

"Ulimuambia yeye kwanza."

"Uwineza, ungefia mezani."

"Pengine." Alivuta shuka mpaka kifuani. "Pengine ningesema sawa, niwekeni chuma. Pengine ningesema jaribuni. Hukutaka kusikia ni gani, dada."

Nilikuwa na jibu la mashine na jibu la Dokta. La Uwineza sikuwa nalo, na sasa halikuwa na kazi tena.

"Niitie Sibomana," akasema. "Aingie peke yake."